Hela ya inchi 55 ninayo lakini nimechukua 43, nilivyochagua TV Kariakoo

Nianze na ile TV iliyokufa maana ndo iliyonifunza. Ilikuwa inchi 43, dabo glasi, yaani ina kioo kingine cha kinga juu ya kioo, jina lake silitaji, tuliichukua kwa vile bei ilikuwa nafuu na kijana wa dukani alikigonga kile kioo kwa vidole akasema mama hii hata mtoto akiirushia kigari haipasuki. Na kweli haijapasuka mpaka leo. Ila mwezi wa 14 tangu tuinunue, saa mbili kamili usiku, ule mziki wa taarifa ya habari ndo unaanza, picha ikaondoka sauti ikabaki. Mzee wangu, baba yangu mzazi naishi naye, akauliza umeme umekatika? Nikamwambia hapana baba, si unamsikia mtangazaji anaongea. Kesho yake jioni akaja fundi, hakufungua hata skrubu moja, akazima taa ya sebule akawasha tochi ya simu akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa kioo, tukainama wote watatu, na kweli tukamwona mtu anaongea mle ndani, hafifu sana, kama yuko chini ya kisima. Fundi akasema mama kioo chako kizima, kilichokufa ni taa za nyuma.

Hapo ndo nikajua hizi TV flati za LED kioo chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogondogo, hizo ndo zinamulika, kioo kazi yake ni kuzuia na kupitisha ule mwanga upate rangi, sasa taa zikifa unabaki na redio. Fundi akanieleza kwamba TV nyingi za bei ya chini zinawekewa taa chache halafu zinaendeshwa kwa nguvu kubwa ili dukani picha iwake, zinapata moto, na kwa kuwa zimeungwa kama mnyororo ikiungua moja mstari mzima unazima. Akaniuliza mwanga uliuweka ngapi? Nikamwambia sijawahi kugusa, ilivyotoka kwenye boksi ndo hivyohivyo. Ilikuwa 100, miezi 14, mchana na usiku. Roho iliniuma kwelikweli maana kushusha mpaka 50 au 60 ni kazi ya dakika moja na hakuna aliyewahi kuniambia. Akabadilisha taa, zikaenda miezi mitatu zikafa tena, nikasema basi.

Mimi ni fundi nguo, Tabata, na hakuna kitambaa ninachokikata kabla mteja hajapimwa, lakini TV ya kwanza tuliinunua kwa macho tu. Safari hii nikaanza na futi yangu nyumbani kabla hata sijauliza bei. Ukuta wa TV una sentimita 140 zilizo wazi, kati ya mlango wa chumbani na kona. Kochi kubwa lipo mita 2.3 kutoka pale. Kiti cha mzee hakipo mbele, kipo pembeni kabisa karibu na mlango wa nje kwa ajili ya miguu yake, asitembee sana, kwa hiyo yeye TV anaiangalia kwa upande siku zote. Watoto wako mkekani, chini. Halafu dirisha kubwa linatazamana na TV uso kwa uso, na hili ndo watu wengi hawalifikirii, ile dabo glasi yetu kuanzia saa tisa alasiri ilikuwa inageuka kioo cha kujitazamia, unaona pazia na geti la jirani vizuri kuliko mpira. Kama una watoto wadogo wanaorusha vitu dabo glasi inasaidia, sikatai, ila ujue unanunua kioo juu ya kioo na mwanga wa dirisha utakaa hapo.

Inchi nazo tuelewane. Inchi za TV zinapimwa kona ya chini mpaka kona ya juu upande wa pili, na ni kioo kinachowaka tu, fremu haimo. Inchi 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 50 ni 127, 55 inakaribia 140, na 65 ni 165. Huo ni mshazari sasa, upana ni kitu kingine, 43 ina upana wa kama sentimita 95 na 55 ina kama 122, kwa hiyo 55 kwenye ukuta wangu inaingia na mume wangu ndo aliyoitaka, akasema mama watoto siku hizi kila nyumba ni 55. Tulikuwa na laki tisa na nusu. Kwa hela hiyo unapata mawili, ama 55 ya jina ambalo ukilitafuta kwenye intaneti hulioni likiwa na ofisi popote, ama 43 ya kampuni inayojulikana. Tulibishana kama wiki mbili, bila ugomvi.

Kilichoniamulia mimi ni king'amuzi. Tunachoangalia pale kwetu kwa siku ni habari, tamthilia, mpira, katuni na YouTube. Chaneli nyingi za kawaida zinakuja na mistari 576 ya picha, na kioo cha 4K kina mistari 2160, kwa hiyo TV inalazimika kuivuta ile picha ndogo ienee, ni kama uchukue kitenge cha yadi mbili utake kukishonea gauni la mtu mzima na kilemba. Ukikaa mita mbili na kitu mbele ya kioo kikubwa chenye paneli dhaifu, yaani lile tabaka linalotengeneza picha, unaona vumbi tupu, nyuso zina ukungu, maandishi ya chini yanacheza. Kioo kidogo chenye paneli nzuri kinaificha ile hali. Mtu mwenye sebule ya mita nne na anaangalia vitu vya HD muda wote mimi simzuii kuchukua 55 au 65, atafaidi.

Basi Jumatano nikaenda Kariakoo, makusudi siyo Jumamosi. Nimeshuka daladala tu nimeshadakwa na winga, mama TV mama friji njoo dukani kwangu, na duka si lake, anakupeleka kwenye fremu ya mtu na bei utakayotajiwa ina chake humo ndani. Siwasemi vibaya, ni vijana wanatafuta riziki na kama huna muda winga anakuzungusha haraka, ila modeli ileile niliyotajiwa nikiwa na winga, nilirudi peke yangu baada ya saa moja nikatajiwa pungufu ya elfu 60.

Duka la tatu wana 43 ya jina geni, laki nne na nusu, boksi limeandikwa 4K kwa maandishi ya dhahabu. Nikatoa futi kwenye mkoba. Kijana akacheka, mama unaipima nguo? Nikamwambia mdogo wangu nisaidie kushika hapo kwenye kona. Kona kwa kona sentimita 101 na nusu. Hiyo ni inchi 40. Nikapima tena yeye mwenyewe akishuhudia, 101 na nusu. Akanyamaza kidogo akasema mama hizi zote wanaandika hivyo. Nikageuza nyuma nikasoma ile namba ya modeli kwenye kibandiko, nikaitafuta kwenye simu, haipo popote, wakati TV ya kampuni ya kweli ukiandika modeli yake inakuja na ukurasa wake una kila kitu, pikseli ngapi, yaani zile nukta zinazounda picha, wati ngapi, matundu ya HDMI ya kuchomekea king'amuzi mangapi. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, Full HD ni 1920 kwa 1080, na hizi zinazoitwa HD tu huwa 1366 kwa 768. Kuna TV inapokea video ya 4K ikaishusha ikaionyesha kwenye kioo cha Full HD, halafu boksi linaandikwa 4K. Hapo mtu hajakuambia kioo ni 4K, amekuambia inasoma 4K, na wewe umeshalipa.

Sasa kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni flashi. Dukani wanaweka video yao ya kasuku, maua na matunda yanakatwa polepole, na hakuna TV mbaya kwenye video hiyo, zote zinang'aa. Mwanangu wa kidato cha pili aliniwekea vitu vyangu kwenye flashi, dakika tano za Simba na Yanga, kipande cha filamu cha usiku, na picha za rangi tupu, nyeupe, nyekundu, nyeusi. Nikaomba kwa adabu, kaka naomba unichomekee hii. Wawili walikataa, nikaondoka. Wa nne akakubali, Mungu ambariki, akanichomekea kwenye TV tatu mfululizo.

Ya kwanza jezi nyekundu ya Simba ilikuwa inawaka kama kaa la moto mpaka namba mgongoni haisomeki, na mpira ukipigwa juu unavuta mkia. Ya pili rangi nzuri lakini ile picha nyeupe tupu ilionyesha kona moja ina kivuli cha kijivu, ukiwa na video ya kasuku usingekiona maisha. Kwenye nyeusi angalia kama kuna nukta inawaka peke yake, hiyo ni pikseli mbovu na mara nyingi haiponi. Ya tatu ilikuwa LG inchi 43 ya 4K na mpira ulikuwa mpira, nyasi zina rangi ya nyasi, siyo kijani cha rangi ya ukuta.

Halafu nikaomba kiti cha plastiki nikakaa pembeni, pale ambapo mzee angekaa, pembe ileile. Yule kaka alishangaa, nadhani hajawahi kuona mteja anafanya hivyo, lakini hapo ndo tofauti ilikuwa kubwa. Ile ya pili kwa pembeni picha ilipauka, jezi ya njano ya Yanga ikawa kama maji ya mchele. LG ikabaki ilivyo, imefifia kidogo tu. Baadaye nilielewa kwamba paneli ziko aina mbili kubwa, VA na IPS, VA nyeusi yake ni nyeusi kweli na inapendeza ukikaa mbele taa zimezimwa, IPS inaonekana vizuri ukiwa pembeni ila usiku weusi wake una ukijivu. Hakuna inayoshinda mwenzake kila mahali. Mtu anayekaa peke yake mbele ya TV usiku achukue VA. Nyumba yenye watu saba wamekaa kila upande kama yetu, kaa pembeni ujaribu kabla hujalipa.

Kuhusu QLED na OLED nisiseme mengi kwa kuwa sijanunua, ila wasikuchanganye, QLED bado ina taa za nyuma kama kawaida, wameongeza tabaka la kuboresha rangi, wakati OLED kila pikseli inajiwakia yenyewe, ndo maana nyeusi yake ni giza kabisa na bei yake iko mbali. OLED pia alama inayokaa palepale muda mrefu, kama nembo ya chaneli, inaweza kuacha kovu kwenye kioo. Herufi moja tu bei tofauti kabisa.

Upande wa smati, LG wanatumia webOS, Samsung Tizen, Hisense nyingi VIDAA, TCL na Sony nyingi Google TV. Zote YouTube na Netflix zipo. Ukiwa mtu wa kupakua programu nyinginyingi Google TV ina duka kubwa zaidi. Sisi ni YouTube na kurusha picha za harusi kutoka kwenye simu, yoyote ingetutosha. Jihadhari tu na zile zinazoandikwa Android wakati ni Android ya simu imebandikwa kwenye TV bila idhini ya Google, miezi michache tu YouTube inagoma na huna wa kumuuliza.

Walianza laki tisa na themanini, tukaishia laki tisa na ishirini, nikasema naomba ifunguliwe ya kwenye boksi tuiwashe hiyohiyo nitakayobeba, siyo ya maonyesho. Nikarudia rangi tupu, safi. Halafu risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hapa nilikaza maana kuna yule anayekuambia nikupunguzie ishirini usichukue risiti. TRA wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mimi naongeza kwamba waranti bila risiti ni karatasi. Hakikisha serial namba ya TV imeandikwa kwenye kadi ya waranti na inafanana na ya nyuma ya TV, na uliza mafundi wao wako wapi hapahapa Dar. Waranti ya duka, ile ya mtu kukuambia ikiharibika lete nitakuona, inategemea kama hiyo fremu bado itakuwa yake.

Njiani ilisimama wima kwenye bajaji, mimi nimeishikilia mpaka Tabata. TV hailazwi, mtikisiko unakipiga kioo katikati.

Kufunga, fundi alitaka kuiweka juu karibu na dari kama anavyowafungia wengine, nikamwambia hapana, katikati ya kioo iwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Ikatoka sentimita 105 kutoka sakafuni. Shingo ya mzee inanishukuru. Ukiiwasha mara ya kwanza inauliza ni matumizi ya nyumbani au dukani, chagua nyumbani, ukichagua dukani inajiwakia moto wote kama ile yangu ya kwanza. Mwanga nimeweka 55, ule ukali wa picha nimeushusha karibu na mwisho kwa sababu unachora mistari myeupe pembeni ya nyuso.

Halafu hili naliandika kwa uchungu maana nimeliona kwenye nyumba tatu za ndugu zangu. Mume wangu alichomeka king'amuzi kwa waya wa zamani, ule wa rangi tatu, njano nyekundu nyeupe. Picha ikaja ovyo, akaniangalia, akasema ungechukua 55 ingekuwa hivihivi. Nikaenda duka la jirani nikanunua waya wa HDMI elfu kumi, nikachomeka, nikaingia kwenye setingi za king'amuzi nikakuta picha imewekwa 576, nikapandisha 1080. Nyumba nzima ikasema aah. Watu wana TV ya milioni na nusu ukutani na wanaangalia picha ya TV ya chogo kwa sababu ya waya! Kaangalie nyuma ya TV yako leo.

Bando nalo, Netflix wenyewe wanasema 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa moja na HD mpaka GB 3, kwa hiyo kama unatumia bando la simu ingia kwenye setingi uifunge kwenye HD, kwa kioo cha 43 hutaona tofauti kubwa ukiwa kwenye kochi.

Umeme nilipiga hesabu kabla. TV ya wati 80 ikiwaka saa 8 kwa siku inakula kama uniti 19 kwa mwezi, ya wati 130, na 55 nyingi ziko maeneo hayo, inakula 31. Tofauti ya uniti 12 inaonekana ndogo lakini sisi tuko D1 ya TANESCO, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na ukizoea kuvuka uniti 75 kwa mwezi unahamishiwa T1 ambako uniti ni 292. Tulikuwa tunacheza kwenye 60. Piga hesabu yako na friji na pasi, cherehani yangu ya umeme nayo imo. Na tafadhali nunua gadi ya umeme, siyo soketi ya kawaida ya matundu mengi, gadi yenyewe inayokata umeme ukipanda au ukishuka na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha, kwa sababu kinachoua TV mara nyingi ni ule umeme unaporudi.

Sauti za TV zote hizi nyembamba ni ndogo, spika zinatazama chini na hazina nafasi ya kupumua, kwa hiyo usitegemee. Sisi tumeunga sabufa yetu ya zamani, na ukiwa na sabufa mpya yenye HDMI tumia tundu lililoandikwa ARC, utapandisha sauti kwa rimoti moja.

Huu ni mwezi wa tano. Boksi bado liko juu ya kabati na litakaa hapo mpaka waranti iishe. Na kila siku saa mbili usiku mzee yuko kwenye kiti chake kilekile pembeni ya mlango. Zamani alikuwa ananiita niache chungu jikoni nije nimsomee maandishi yanayopita chini ya kioo, mwanangu wameandika nini hapo. Sasa anayasoma mwenyewe, kwa sauti, nayasikia nikiwa jikoni.